Safari hii hatukupita Ruaha Mbuyuni

Nimeanza kupita Ruaha Mbuyuni, kijiji kilicho kando ya barabara ya Dar kwenda Iringa, nikiwa darasa la pili, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulala pale hata usiku mmoja. Basi la Iringa linasimama kidogo, mikono yenye vitunguu inajaa madirishani, Mama anabishana bei mpaka dereva anapiga honi, tunaondoka. Mto tuliuona kwa kuchungulia tu kati ya mibuyu. Mbele kuna kona kali za mlima Kitonga, na abiria wengine wameshaanza kusali.

Novemba iliyopita nilimwambia Mama: safari hii tunalala.

Tulikwenda na Haisi yangu kuukuu. Seremala wa mtaani kwetu aling'oa viti vya nyuma akajenga kitanda chenye droo mbili chini. Mama akashona mapazia ya kitenge. Tukapakia mtungi mdogo wa gesi na madumu mawili ya maji. Dar tulitoka saa kumi na moja alfajiri, chai tukanywa Morogoro, Mikumi twiga wanne walikuwa karibu kabisa na lami, na alasiri tukawa tumeegesha chini ya mgunga, mto uko mbele yetu.

Kambi yenyewe ni ndogo: nafasi chache za magari, choo, na bafu la maji baridi, ambayo kwa joto la bonde lile ndiyo unayoyataka. Mlinzi ni mzee wa Kihehe. Mama alipomwamkia "Kamwene", uso wake ulifunguka, na kuanzia hapo wakawa wanatafutana ukoo mpaka giza likaingia. Mimi nikabaki na sufuria. Kabla hajaondoka alituonya: "Mto ni wa kutazama tu, dada yangu. Mamba wapo." Mama akasogeza kiti chake nyuma, lakini hakukigeuza. Alikaa ameuelekea mto.

Nami niliutazama sana. Huu ndio Ruaha Mkuu. Kule juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tangu miaka ya 1990 unakatika kiangazi, kwa sababu maji mengi yanachukuliwa kwa kilimo bonde la Usangu kabla hayajafika. Hapa Mbuyuni unatiririka kwa kuwa uko chini ya bwawa la Mtera: maji yamezungusha mitambo ya megawati 80 pale, na yakitupita yanakwenda Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Nimekulia Dar nikilalamikia umeme kukatika, na sikuwahi kuhisi kwamba taa ya sebuleni kwetu ina mto nyuma yake. Pale ukingoni nilihisi. Iliniuma kidogo kwamba nimechelewa hivyo.

Usiku malori ya Zambia yalikuwa yakinguruma kuelekea mlimani. Likishapita moja, sauti ya maji inarudi. Tuliacha mlango wa nyuma wazi, tukatundika chandarua, na Mama akanisimulia safari yake ya kwanza ya kushuka Kitonga akiwa msichana, habari ambayo hakuwahi kunipa nyumbani.

Asubuhi chini ya mbuyu tulikuta ua jeupe kubwa limeanguka. Mbuyu huchanua usiku, popo huja kunywa utamu wake, na kukicha ua linaanza kunyauka. Mama alilinusa akakunja uso. Harufu yake si nzuri. Hata hivyo alilifunga kwenye leso.

Siku ya pili tulitembea kwa miguu hadi barabarani kununua vitunguu. Basi la Iringa likasimama, wauzaji wakalikimbilia, honi ikapigwa, likaondoka. Mama alikuwa ameinama juu ya fungu, anachagua kitunguu kimoja kimoja, anakibonyeza, anakirudisha, anachukua kingine. Ilimchukua karibu nusu saa. Nilimshikia kikapu.