Nilivyopata takwimu za udahili za chuo cha Uingereza nikiwa Tanga

Wakala wa kuombea watu vyuo vya nje alituambia kwa uso mkavu kwamba chuo kile kinachukua kila Mtanzania mwenye pesa. Mpwa wangu alitaka shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na huyo bwana alitaka ada ya huduma inayokaribia mshahara wangu wa miezi miwili. Nikamuuliza: walioomba ni wangapi, waliopata ni wangapi? Akacheka. "Hizo ni siri za chuo, mwalimu."

Siri gani! Uingereza wana Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma; ilianza kutumika kikamilifu Januari 2005, na vyuo vikuu vya umma vimo ndani. Mwaka 2010 mbunge David Lammy aliitumia kuwauliza Oxford na Cambridge wanachukua vijana weusi wangapi, magazeti yakachemka. Siku hizi Oxford wanatoa ripoti ya udahili kila mwaka, tangu 2018. Ikiwa hao waliulizika, hawa wetu ni nani?

Rafiki yangu wakili akasema nisijisumbue, lazima uwe raia. Alichanganya na ya kwetu. Sheria ya Tanzania ya 2016 ndiyo inayompa haki hiyo raia. Ya Waingereza haiulizi pasipoti. Inataka jina lako halisi, anwani ya kujibiwa (barua pepe inatosha) na swali linaloeleweka. Kisa cha mpwa wako usikiandike, hawana haja nacho. Gharama yangu nzima ilikuwa bando.

Wakili huyohuyo, baada ya kushindwa hoja, akajitolea kuniandikia barua. Ilikuwa barua tamu, yenye "kwa mujibu wa" kila mstari. Aliomba takwimu za Watanzania wote, kozi zote, tangu 2005, pamoja na sababu ya kila mmoja kukataliwa. Nikaituma. Sheria inawapa siku 20 za kazi, nao wakazitumia karibu zote, kisha wakakataa kwa adabu kubwa: kazi hiyo ingepita pauni 450. Wakili akaruka, "Si nilikwambia utalipishwa!" Hakuna aliyekuwa ananidai. Hiyo ni kinga yao: kila saa ya kutafuta huhesabiwa pauni 25, kwa hiyo ikizidi saa 18 chuo kina ruhusa ya kukataa. Na sababu za kukataliwa zimo ndani ya faili la mtu mmoja mmoja, lazima afisa akae afungue moja baada ya jingine. Mtu anayeomba "zote" anawapa mlango wa kutokea.

Lakini sheria hiyo inawataka pia wamsaidie muombaji, kifungu cha 16. Hapo ndipo nilipowashika. Barua ya pili ilikuwa na sentensi moja tu: naomba orodha ya majina ya safu zilizomo katika mfumo wenu wa udahili. Hata jina la mtu siombi, naomba vichwa vya jedwali! Ikaja haraka kuliko nilivyotarajia. Basi nikawa kama mpishi aliyeonyeshwa ghala: najua kilichopo, siagizi kisichopo.

Na nikagundua jambo ambalo wakala asingelijua hata kwa miaka kumi. Mfumo ulikuwa na safu ya uraia na safu ya nchi anakoishi muombaji, na takwimu nyingi za vyuo hutolewa kwa hiyo ya pili. Mtanzania anayeomba akiwa Muscat anahesabiwa Oman. Nikaomba takwimu kwa safu ya uraia, nikitumia jina lilelile walilonitumia wao.

Majibu ya tatu yalikuja yakiwa na "chini ya 5" kwenye visanduku vingi badala ya nambari, ili mtu asitambulike. Nikafikiri nitawazidi akili: nikachukua jumla, nikatoa vilivyo wazi nipate kilichofichwa. Wajanja wale! Walikuwa wamefunika visanduku viwili kila mstari, hesabu ya kutoa ikagoma. Nikaandika tena: acheni mwaka mmojammoja, nipeni miaka mitano kwa pamoja, kozi zote za afya, safu tatu tu: walioomba, waliopewa ofa, waliojisajili. Nambari zikatoka.

(Kwa shahada ya kwanza anzia UCAS, shirika linalopokea maombi ya kujiunga na vyuo vya Uingereza, wana takwimu wazi. Za uzamili kila chuo kinashika zake. Na chuo cha Uskoti kina sheria yake ya 2002, usiwatajie ya 2000.)

Waliokataliwa walikuwa wengi kuliko wakala alivyotuaminisha. Ila pengo kubwa zaidi lilikuwa baada ya hapo: wenye ofa mkononi na hawakujisajili. Mpwa wangu akalitazama jedwali, akasema, "Mjomba, kumbe kazi si kupata ofa, kazi ni kupata pesa." Akaomba mwenyewe, bila wakala, na muda aliouokoa akautumia kuandika maombi ya ufadhili.

Wakala alisikia habari hizo mtaani, akanipigia simu kuuliza lile jedwali nimelipata kwa nani, na kama naweza kumrushia WhatsApp. Nikamwambia kuna ada ya huduma.