Wal-Asr Bila "Illa"

Assalaam alaykum ndugu zangu. Suratul-Asr ndiyo tunayofungia darsa, na mara nyingi tunaisoma mguu mmoja umeshaingia kwenye kiatu. Wiki hii imenikalisha, na aliyenikalisha ni mwandishi wa Bosnia, Meša Selimović.

Alizaliwa Tuzla mwaka 1910, nyumba ya Waislamu. Vita vilipofika aliingia msituni na wapiganaji wa Kikomunisti. Mwishoni mwa 1944 nduguye Šefkija, naye mpiganaji, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya upande wao wenyewe: alichukua vyombo ghalani. Kitanda, kabati, kiti. Akapigwa risasi. Meša hakutoka chamani. Alikaa na donda hilo zaidi ya miaka 20, hadi 1966 alipotoa riwaya yake, Darweshi na Mauti.

Humo Tuzla haitajwi wala chama. Tupo Bosnia ya enzi za Waturuki, kwa Sheikh Ahmed Nurudin, mkuu wa zawiya ya Mevlevi, tarika ya Kisufi. Mdogo wake Harun, karani wa mahakama, amekamatwa kwa kuona karatasi asiyotakiwa kuiona: maelezo ya mshtakiwa yaliyoandikwa kabla mwenyewe hajahojiwa. Sheikh anajua mdogo wake hana kosa. Lakini akifika kwa wakubwa anazungukazunguka, anapima maneno, anachunga heshima yake. Anapokuja kupaza sauti msikitini, Harun ameshauawa. Baadaye yeye mwenyewe anakuwa kadhi, na siku moja analetewa amri ya kumkamata rafiki yake Hasan. Anatia saini.

Kitabu kinaanza kwa Bismillahi na viapo vya Qur'ani: wino na kalamu, usiku, nafsi inayojilaumu, zama. Kisha kauli kwamba kila mtu daima yumo hasarani. Hapo mwandishi anakata. "Illa", ile "isipokuwa" inayofuata kauli hiyo katika Suratul-Asr, haipo.

Najua wapo watakaosema ni ujeuri wa mkomunisti kukata aya. Mimi sioni hivyo. Itazameni hiyo "illa" ina nini ndani yake: imani, matendo mema, "wakausiana kwa haki, na wakausiana kusubiri". Sheikh Ahmed imani alikuwa nayo, na ibada pia. Subira alikuwa nayo kupita kiasi, tena aliitumia kama shuka ya kujifunika. Ni lile neno la haki, wakati Harun yu hai, ndilo lililomkwama kooni.

Na kitabu kinapoisha, kauli ya mwanzo inarudi, na inakatika palepale.