Nati ya vaisi ya mzee imenipeleka hadi Unga Limited

Aisee nimerudi, nilikuwa nahangaika na vaisi ya mzee, lile chuma la kubania vitu kwenye meza ya kazi, hapa Pasua, Moshi. Ile kubwa ya kijani imeandikwa Made in England, tangu nipo mdogo ilikuwa imefungwa kwenye meza ya mbao nyuma ya nyumba na tulikuwa tunavunjia karanga humo. Mwaka jana ikaanza kuteleza, unakaza, inakaza, ukiweka nguvu kidogo tu tak! inaachia. Nikaifungua, kumbe skrubu iko poa kabisa ila nati ya ndani inayopita hiyo skrubu, uzi wake, yaani yale meno ya kuzunguka, umelika umebaki kama wembe. Nati ndo huwa inawahi kuisha na ni sawa iwe hivyo, maana kuchonga nati mpya ni rahisi kuliko skrubu ndefu yote ile.

Watu wakaniambia nunua mpya, we nunua tu, hizi za siku hizi nyingine ukipiga nyundo mara mbili taya linapasuka. Nikaenda kwa wauza skrepa nikapata bushi nene ya shaba, kipande cha mviringo kama bomba, kwa 18,000, nikaipeleka kwenye kimashine changu cha kuchonga.

Hapa ndo nilipoharibu. Nilipima jino moja la skrubu, yaani kutoka jino hadi jino, kwa venia, ile rula ya kubana ya kupimia milimita, nikaona 6 na ushee, nikasema si imechakaa bana, hii ni milimita 6. Nikachonga siku nzima. Jioni naingiza skrubu, imezunguka nusu duara, ikang'ang'ania. Nikaweka oili, wapi. Ndo nikapata akili ya kupima meno kumi kwa mkupuo badala ya moja, nikapata 63.5. Yaani jino moja ni 6.35, ambayo ni inchi moja gawanya kwa nne. Mashine ya Mwingereza, uzi wa inchi, ningejua tu kwa kuangalia yale maandishi ubavuni, lakini ndo hivyo.

Sasa mashine yangu ni ya milimita na niliinunua mkononi bila gia zake za ziada. Kukata uzi wa inchi kwa usahihi kwenye mashine ya milimita unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni 25.4 na ukizidisha mara tano ndo unapata 127, namba nzima ya kwanza. Mimi sina. Nikapanda kosta asubuhi mpaka Arusha, kuna mzee pale Unga Limited ana mashine ya inchi ya zamani sana.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mangi. Hii nati umepima au umekadiria?"

Sikujibu. Akacheka, akanipa mashine nichonge mwenyewe, yeye akakaa pembeni na chai. Bushi nilikata urefu wa kutosha nati mbili, nashukuru Mungu. Nikatoboa tundu la milimita 19.05, maana skrubu ina unene wa inchi moja na kina cha uzi wa mraba, wenye meno ya pembe nne kama huu, ni nusu ya jino kila upande. Kisu cha mashine nikakinoa upana wa milimita 3.2, kikaanza kusugua na kupiga kelele. Mzee akaja akakiangalia akakipeleka mwenyewe kwenye jiwe, akakilaza ubavu mmoja kidogo tu, kama digrii tano hivi. Uzi mpana namna hiyo unapanda kwa mshazari, kisu kikiwa wima ubavu wake unasugua ukuta. Baada ya hapo shaba ikawa inatoka vumbi la dhahabu, mpaka leo nalikuta kwenye mfuko wa shati.

Skrubu ikaingia kwa vidole viwili mpaka mwisho. Mzee akakataa hela ya mashine, akachukua ile nati yangu ya milimita 6 akaiweka kwenye kopo lake, anasema ataichonga bushi ya pampu.

Vaisi imerudi mezani. Kitu cha kwanza mama kuleta ni karanga.