Nilivyoisaka 61 Cygni na kuipigia hesabu kwa simu

Nyota kali zilishanichosha, nikataka moja hafifu inayoonekana kwa macho halafu nijue ina joto gani na inatoa mwanga kiasi gani. Nikaangukia 61 Cygni. Mwezi wa tisa huku Dodoma anga ni safi, saa tatu na kitu usiku ukiangalia kaskazini unakuta nyota kali Deneb, na msalaba wa Cygnus (kundi la nyota linalochorwa kama ndege) umepanda juu yake. Ukibahatisha utahangaika, mimi nilifanya hivi: Sadr ndo ile ya pale msalaba unapokutana, toka hapo nenda mpaka nyota ya bawa la kulia, sasa safari hiyohiyo, urefu uleule na upande uleule, ianzie Deneb, unapofika ndo yenyewe. Jirani kuna Tau Cygni inayong'aa zaidi, isikuzingue. Na kama uko katikati ya mataa sahau.

Ni kinukta tu, tena ukikikodolea kinapotea, angalia pembeni yake kidogo kinarudi. Nikachukua darubini ya mkononi ya 10x50, nikaiegemeza kwenye tangi la maji isitikisike, aisee, kumbe ziko mbili! Zote rangi ya machungwa, moja hafifu kuliko mwenzake, na kuzungukana kwao mara moja ni karibu miaka 700. Hiyo rangi ndo joto lenyewe: kubwa kama kelvini 4,500, ndogo 4,100, Jua letu karibu 5,770.

Sasa mwanga, na hapo lazima uwe na umbali. Mnajimu Mjerumani Friedrich Bessel, akiwa mji wa Königsberg, mwaka 1838 alipima inavyoyumba kidogo kadiri Dunia inavyozunguka Jua (nyota ikiwa jirani inayumba zaidi, hapo ndo umbali unapatikana), na aliichagua sababu inahama angani haraka kuliko nyingi, dalili kwamba iko jirani (haraka ya nyota lakini, kusogea upana wa mwezi mpevu inachukua miaka 350 hivi!). Kipimo cha kuyumba huko siku hizi ni sekunde za tao 0.286 (sekunde ya tao ni digrii moja ukiigawa mara 3,600). Gawa 1 kwa hiyo unapata umbali kwa paseki, 3.5, yaani miaka ya nuru 11.4.

Ile kubwa ina magnitudo 5.2 (ndo kipimo cha mng'ao, namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi, kila hatua moja ni mara 2.5 hivi). Nikalaza simu upande maana kitufe cha logi hakitokei ikiwa wima, nikauliza ingekaa paseki 10, umbali wa kulinganishia nyota, ingekuwaje: 5.2 toa mara tano ya logi ya 0.35, jibu karibu 7.5. Jua likiwekwa umbali huohuo ni 4.8. Tofauti 2.7, kwa hiyo Jua linaizidi kama mara 12, yaani nyota yetu ina asilimia 8 na kitu.

Lakini vitabu vinasema asilimia 15! Nilikaa na hiyo hesabu mpaka ikakubali. Magnitudo hiyo inahesabu mwanga wa macho tu, na nyota ya baridi hivi inamwaga nishati nyingi kwenye infraredi ambayo mimi na wewe hatuioni. Nikapitia njia nyingine, nusukipenyo chake ni 0.665 ya cha Jua, kipeo cha pili, zidisha uwiano wa joto kipeo cha nne, ikaja 0.16. Ndogo, yenye nusukipenyo 0.595, ikatoa 0.09.

Ukitaka kujaribu na wewe usianze na Deneb, umbali wake wataalamu wenyewe bado wanabishana.