Zinki iliyotoka kidoleni

Mama yangu analima mwani Jambiani, Zanzibar. Kila akinipigia huuliza nafanya kazi gani huku Kiel, Ujerumani, nami humjibu kweli tupu: naosha chupa. Zinalala wiki nzima kwenye asidi ya haidrokloriki, nazisuuza mara tano kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana chumvi wala metali, kisha kila moja naifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki. Hapo ndipo zinastahili kutiwa maji ya bahari.

Ninachokitafuta ni kidogo mno. Kwenye maji ya juu ya bahari kuu, mbali na pwani, metali ya zinki inaweza kuwa sehemu ya kumi tu ya nanomoli (kipimo kidogo mno cha wingi wa chembe) kwa lita. Piga hesabu: gramu moja imetawanyika katika lita milioni 150. Ndiyo maana vipimo vingi vya metali za baharini vya kabla ya miaka ya 1970 havifai. Watu walipima kutu ya meli, waya wa winchi na jasho la mikono yao wakidhani wanapima bahari. Clair Patterson, yule aliyekokotoa umri wa dunia mwaka 1956, ndiye aliyewafungua wengi macho, kwa kupima madini ya risasi.

Mwezi uliopita yalinifika. Chupa 24, maji yaliyokaa melini wiki sita, halafu ile sampuli tupu, isiyotakiwa kuwa na chochote, ikaonyesha zinki nyingi kuliko bahari yenyewe. Nililia. Nikabadilisha asidi, nikabadilisha pipeti, bado. Siku ya tatu nikamwona mwenzangu akimimina, tone la asidi likateleza juu ya kidole cha glavu yake na kuingia chupani. Glavu! Mpira wake hukomazwa kwa dawa zenye zinki, na asidi huing'oa mara moja. Tukavaa za plastiki nyembamba, sampuli tupu ikarudi chini.

"Mwanangu, hiyo zinki anaila nani?" mama akauliza. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi.

Wanaila diatomu, mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Hewa ukaa ikishayeyuka baharini, nyingi hugeuka bikaboneti, na diatomu huhitaji kimeng'enya cha kuigeuza tena iwe hewa ukaa. Kitovu cha kimeng'enya hicho ni chembe moja ya zinki. Hata damu yetu ina cha jamii hiyo, tunakitumia kutolea pumzi. Zipo diatomu ambazo zikikosa zinki hutumia kadimiamu, sumu kwetu sisi! Hilo bado linanishangaza kila nikilifikiria.

Sasa bahari inazidi kumeza hewa ukaa tunayoitoa. pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, imeshuka kwenye maji ya juu ya bahari kutoka kama 8.2 hadi 8.1, yaani ayoni za haidrojeni zimeongezeka zaidi ya robo. Hewa ukaa ikizidi, diatomu hupunguza kutengeneza kile kimeng'enya. Utasema wamepata nafuu. Lakini majaribio ya maabara yameonyesha kuwa asidi ikizidi, chuma kilichoshikwa na viambata vya asili huwa kigumu zaidi kwao kukichukua, na bila chuma hawakui. Kwa hiyo sikubali kabisa mtu anapopima pH peke yake na kutangaza nani atanufaika. Apime na metali, katika maji yale yale, siku ile ile.

Zile chupa 24 zimerudi kwenye asidi. Nazitoa Jumatatu.