Nilipoitwa kortini kusema habari za mashua

Kazi yangu ni kuunda na kukarabati vyombo, na nimekulia Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Kwetu ugomvi humalizwa barazani: watu wakae, kahawa ipite, huyu aseme, yule amkate, wazee waamue. Kwa hiyo nilipoletewa samanzi nikatoe ushahidi katika mahakama ya Lamu, nilijua nakwenda barazani tu, ila hili lina meza ndefu.

Kesi haikuwa yangu. Jamaa alinunua mashua kuukuu, mwezi haujesha ikaanza kuvuja, akataka arudishiwe pesa zake. Mimi ndiye niliyeipandisha pwani nikaikagua.

Nina mpwa wangu Malindi anayefanya kazi ya ukarani kwa wakili. Nikampigia. "Mjomba," akanambia, "vaa kanzu safi, kofia yako baki nayo. Simu izime, usiinyamazishe tu. Na wakili akikuuliza, jibu umpe Mheshimiwa." Hilo la mwisho halikunikaa. Mtu aniulize huyu, nimjibu mwingine?

Siku yenyewe maji yalikuwa yametoka, mashua zimekaa mchangani, nikaenda mjini kwa miguu tangu alfajiri. Saa tatu kasorobo nilikuwa nimeshaona namba ya kesi kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, nikaingia nikachagua benchi la mbele ili nisikie vizuri. Kosa. Hakimu alipoingia tulisimama sote, tukainamisha vichwa, tukakaa, kesi yetu ilipotajwa tu, askari akaninong'oneza: "Mzee, wewe ni shahidi?" Nikasema ndiyo. Akanitoa nje. Shahidi hakai ndani kuwasikia wenzake kabla zamu yake haijafika, asije akaupima ushahidi wake kwa wao. Jambo la maana sana, ila benchi la nje lilikuwa juani.

Nilipoitwa nikapanda kizimbani. Udhu nilikuwa nao, nikashika msahafu nikala kiapo. Asiyetaka kuapa kwa dini anaruhusiwa kuthibitisha kwa maneno tu, na uzito wake mbele ya sheria ni ule ule. Karani akauliza nitasema kwa lugha gani. Mahakama za mahakimu zinakubali Kiswahili au Kiingereza. Ni Mahakama Kuu, kama ile ya Malindi, ambayo lugha yake ni Kiingereza, na asiyekijua huwekewa mkalimani. Nikasema Kiswahili. Lakini hakimu, mama mmoja mtulivu, alikuwa akiandika kwa mkono, na aliyokuwa akiandika ni Kiingereza. Yaani maneno yangu yalikuwa na safari mbili: yavuke lugha, kisha yafike kwenye karatasi. Nami nilikuwa nikienda mbio kama ninayepiga soga.

Wakili akaniuliza kama niliikagua mashua mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa.

"Shahidi, jibu kwa mdomo," akasema hakimu. "Kichwa siwezi kukiandika."

Nikaulizwa ubao uliooza ulikuwa mkubwa kiasi gani. Nikatanua mikono: hivi. Akanitazama juu ya miwani. Nikashusha mikono. "Shibiri mbili, Mheshimiwa, ubavu wa kushoto, karibu na mkuku." Akasimamisha kalamu akauliza mkuku ni nini. "Ni ule mti mrefu wa chini kabisa, Mheshimiwa. Mataruma yote, zile mbavu za chombo, yanakaa juu yake." Kalamu ikaanza tena. Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu. Nikageuza mwili mzima kumwelekea hakimu, macho kwenye ile kalamu: ikitembea nanyamaza, ikiinuka nasema neno la pili. Kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, ilikuwa imelegea. Kalamu. Pamba inatoka kwa kidole. Kalamu. Juu yake pamepakwa rangi mpya. Hapo aliandika muda mrefu.

Nikaharibu kidogo niliposema nahodha wa zamani aliniambia chombo kiligonga mwamba. Wakili wa pili akasimama kupinga, nami nikaendelea kusema juu ya sauti yake, barazani tupu. Hakimu akainua mkono. Wakili akisimama kupinga, unanyamaza mpaka hakimu aamue. "Sema uliyoyaona wewe," akanambia. Ya nahodha, aje ayaseme nahodha.

Kisha zamu ya huyo wakili ikafika. "Fundi, ni kweli ulilipwa na mlalamikaji useme haya?"

Damu ilinipanda. Barazani ningeinuka nikaondoka, na watu wangenifuata kunirudisha. Nikamtazama hakimu, nikangoja pumzi ishuke. "Mheshimiwa, nililipwa kukagua mashua, kabla kesi haijakuwapo. Leo sikulipwa. Nimekuja kwa miguu." Watu wakacheka, askari akawanyamazisha. Mimi sikucheka. Yule wakili hakunitukana, ndiyo kazi yake kunitikisa. Niliyajua hayo baadaye, si pale.

Nikaambiwa nishuke. Mlangoni nikageuka, nikainamisha kichwa, nikatoka.

Jioni barazani wakataka habari. Nikasema, "Niliingia saa tatu kasorobo," nikanyamaza.

"Enhe?" akauliza jirani yangu. "Wangoja nini?"

Nilikuwa namtazama mkono, na mkononi alikuwa na kikombe cha kahawa.