Nilivyopanga wiki moja ya bahari Barbados

Mama alikuwa amekuja London kututembelea kutoka Tanga, nasi tukataka kumpeleka kwenye bahari ya joto wakati wa likizo fupi ya shule, mwishoni mwa Mei. Magoti yanamsumbua. Hawezi tena kuyafuata maji yaliyokupwa mpaka mbali. Nilipomtajia visiwa vya Karibi aliniuliza, "Mwanangu, bahari ya huko inakupwa kama yetu?" Swali hilo likapanga safari nzima.

Kwetu bamvua likija, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Barbados kwa kawaida hayafiki hata mita 1, kwa hiyo saa yoyote utakayoshuka ufukweni utayakuta palepale. Ikabaki hesabu ya upepo. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 tu, lakini pande zake hazifanani. Upepo wa huko haugeuki kama kaskazi na kusi. Karibu mwaka mzima hutoka mashariki. Upande wa joshi, yaani mashariki unakotoka upepo, kama pale Bathsheba, mawimbi ya Atlantiki hupiga kwa nguvu na kuoga ni hatari. Upande wa demani, yaani magharibi, bahari hutulia. Tukachagua demani, karibu na Holetown. Uamuzi huo ulitukinga pia na sargasamu, mwani unaoelea ambao tangu 2011 umekuwa ukiletwa kwa wingi Karibi na kurundikana zaidi fukwe za mashariki na kusini.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza na picha za hoteli. Anza na bahari, kitanda kitafuata.

Mei ilitufaa: bei za Desemba hadi Aprili zimeshashuka, na msimu wa vimbunga huanza rasmi Juni 1. Tulikata tiketi za ndege ya moja kwa moja mapema sana, maana wiki za likizo ya shule hupanda bei. Pasipoti ya Tanzania haikuhitaji viza ya Barbados. Ila usivutwe na tiketi rahisi inayopitia Marekani, kwani wao hutaka viza hata kwa anayebadilisha ndege tu.

Fukwe zote za Barbados ni za umma, basi sikuona haja ya kulipia chumba cha mchangani. Tulipanga nyumba yenye jiko, ng'ambo ya barabara. Chakula kingi huagizwa kutoka nje na ni ghali, lakini samaki wapo, na kwetu samaki walimaliza pia suala la halali. Mama alifurahi sana kuonja cou-cou: unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, ukaliwa na samaki warukao. Shelisheli nalo lipo tele. Maji ya bomba hunyweka, gharama nyingine ikaondoka. Hesabu ya pesa ni nyepesi, dola 2 za Barbados kwa dola 1 ya Marekani, nasi tulipanda mabasi na vile vipanya vyeupe wanavyoviita ZR.

Kabla ya kufunga mizigo nilitoa kaptura ya mwanangu yenye madoa ya kijeshi. Sheria ya huko inakataza raia kuvaa mavazi hayo, hata watoto. Nikawafundisha wanangu pia kuhusu manchineel, mti wa ufukweni wenye matunda kama tufaha dogo la kijani. Tunda lake ni sumu na utomvu huunguza ngozi, kwa hiyo hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake. Mara nyingi hupakwa alama nyekundu shinani.

Jambo la mwisho ni siku ya kurudi. Ndege nyingi za London huondoka jioni na kufika asubuhi, ilhali nyumba hutakiwa mchana. Niliafikiana na mwenye nyumba mapema, kwa malipo kidogo, tubaki na chumba kimoja mpaka alasiri, Mama apate kuoga maji baridi, kuswali na kunyoosha miguu kabla ya safari ndefu.